UKURASA WA FAMILIA: Kilomita 42 na Sekunde 35

Mwezi huu tumeona tuongee juu ya mbio. Kila alfajiri barabara za kambi zina vijana wanaokimbia, na jioni kuna nyumba ambamo mzazi na mtoto wanagombana kwa ajili ya hizo mbio. Mzazi anasema: rasheni yenyewe haitoshi, wewe unaenda kuimwaga barabarani? Kijana anajibu: mama, kuna mkimbizi mwenzetu alifika Olimpiki kwa miguu yake. Wote wawili wana haki. Basi tuanze na huyo mkimbizi, halafu tutakuja kwenye sufuria.

Anaitwa Tachlowini Gabriyesos. Aliondoka kwao Eritrea akiwa na miaka 12 tu, akapita Ethiopia, Sudan na jangwa la Misri mpaka akafika Israel. Tarehe 14 Machi 2021 alikimbia marathoni, ambayo ilikuwa ya pili tu maishani mwake. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ili mwanaume afuzu kwenda Olimpiki ya Tokyo ilitakiwa amalize kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 30. Yeye alimaliza kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 55. Kabla yake hakuna mwanariadha wa timu ya wakimbizi aliyekuwa amefikisha muda wa kufuzu Olimpiki.

Alibakiza sekunde 35. Jamani, hizo hazitoshi hata kufunga kamba za viatu vizuri! Lakini zigawanye kwa kilomita 42, utaona hazifiki hata sekunde 1 kwa kila kilomita. Alitakiwa kukimbia kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 6 hivi, halafu arudie hivyo hivyo mpaka mwisho. Angelegea sekunde 1 tu kwa kila kilomita, nafasi ingepotea.

Tarehe 8 Agosti 2021 alisimama kwenye mstari kule Sapporo, Japani. Joto lilikuwa kali. Walianza wakimbiaji 106, na 30 kati yao waliacha njiani. Gabriyesos alimaliza wa 16. Na waliopata fedha na shaba siku hiyo, Abdi Nageeye wa Uholanzi na Bashir Abdi wa Ubelgiji, wote wawili walizaliwa Mogadishu, na vita ndivyo vilivyowatoa kwao wangali wadogo. Karibu na mwisho Nageeye aligeuka nyuma, akampungia Abdi mkono: njoo, njoo! Walipishana sekunde 2 tu, kila mmoja na medali yake.

Sasa vijana, sikilizeni. Muda unaoutaka haupatikani kwa kusema "nitakimbia sana." Unapatikana kwa hesabu. Chukua muda wote, ugawanye kwa kilomita, kisha ujifunze kukaa kwenye mwendo huo. Anayekwenda kilomita moja kwa dakika 7 bila kubadilika, anamaliza marathoni kwa saa 4 na dakika 55 hivi. Kwa mtu wa kwanza kujaribu, hiyo ni kazi kubwa, si ya kuchekwa.

Wengi hushindwa kwa sababu wanatoka kama risasi. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini. Ukienda kasi mwanzoni, akiba inaisha mapema. Karibu na kilomita ya 30 miguu inakuwa mizito kama umebeba gunia, na waliokwenda taratibu wanakupita mmoja mmoja.

Lakini msianze na 42. Anzeni na 5. Kiwanja cha mpira chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 65, ukikizunguka mara moja ni mita 330. Mara tatu ni karibu kilomita moja, na mara 15 ni karibu kilomita 5. Tafuteni mwenye saa au simu asimame pembeni na kuandika. Kila mzunguko uwe dakika 2 na sekunde 20 hivi, wa kwanza na wa 15 sawasawa. Mkiweza hivyo kwa dakika 35 bila kusimama, mmefikia lengo la kwanza. Liandikeni kwenye daftari pamoja na tarehe.

Haya, tuje kwenye sufuria. Mzazi anayeogopa njaa hasemi uongo. Mbio ndefu zinakula nguvu nyingi, na mwili usiopata chakula unaanza kula misuli yake wenyewe. Kwa hiyo rasheni ikipunguzwa, na kilomita zipunguzwe. Siku tatu kwa wiki zinatosha, nyingine ni za kupumzika. Mwenye homa asikimbie hata kidogo, aende kliniki apimwe malaria. Maji yanywewe kabla na baada ya mbio. Na aliye chini ya miaka 18 aache marathoni kwanza, maana mbio kubwa nyingi hazimpokei.

Wasichana tusiwasahau. Mara nyingi kaka anakimbia alfajiri wakati dada yupo kwenye foleni ya maji. Wagawane kazi, siku moja kaka abebe ndoo. Na wasichana wakimbie wawili watatu pamoja, kukiwa na mwanga.

Kuna jambo moja la kusema wazi. Baadhi ya vijana wanaamini mbio ni njia ya kupata nchi ya tatu. Hapana. Timu ya wakimbizi iliyokwenda Tokyo mwaka 2021 ilikuwa na wanariadha 29, na wakimbizi duniani ni mamilioni. Akija mtu kuomba pesa eti atakupeleka kwenye majaribio ya mbio nje, mrudishe alikotoka. Anayekimbia kwa tumaini hilo peke yake ataacha mwaka wa kwanza.

Sasa faida iko wapi? Hapa kambini mambo mengi tunangoja yaamuliwe na wengine: rasheni, kibali cha kutoka, orodha za majina. Lakini dakika 35 kwenye kiwanja anaamua kijana mwenyewe, na daftari lake linamwambia ukweli bila kumpendelea mtu. Mzazi, siku mtoto anapojipima, nenda ukasimame pembeni. Hata kumshikia saa tu ni msaada.

Tukutane mwezi ujao. Mbaki salama.