Tuwapime kwa Nchi Isiyokuwako

Mtoto aweza kutaja mito yote ya nchi yake bila kujua kusoma ramani, amekariri tu. Dawa mojawapo ni kumpima kwa nchi ya kubuni. Kitabu cha Mwingereza J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings, kilichotolewa mwaka 1954 na 1955, kina ramani ya nchi ya namna hiyo. Kuuliza jina la mto wake mkubwa, Anduin, ni kurudia kosa lile lile. Yafaa kuuliza: mto huu waelekea wapi, nawe umejuaje? Atakayeufuata kutoka milimani hadi baharini atajibu: kusini. Basi, mwalimu mtarajiwa, chora kisiwa chako ubaoni, kisha uliza kijiji kijengwe wapi, na kwa nini. Hapo aliyekariri atatambulikana, nawe utaanza kumfundisha.