Nyasi bandia hazinywi maji

Nyasi bandia zimetoka viwanja vya mpira na kuingia majumbani. Tegeta, Boko, Mbweni, Mbezi Beach, kote huko Dar es Salaam utaziona: fundi anashusha marobota asubuhi, na jioni ua uliokuwa wa vumbi umekuwa wa kijani. Sina ugomvi na rangi hiyo. Ugomvi wangu ni na maneno yanayotembea nayo katika mitaa ambayo kila masika maji yanalala uani. Maneno hayo yanawapotezea watu fedha nyingi, na mara nyingine anayeumia ni jirani ambaye hakununua chochote.

"Zina matundu, maji yanapita yenyewe." Matundu yapo. Geuza kipande dukani utaona mgongo mweusi wenye vitundu vilivyopangwa kwa mistari. Swali ni maji yakishapita hapo yanakwenda wapi. Yanakutana na udongo, na kama ni mfinyanzi, au umeshalowa tangu wiki iliyopita, yanabaki palepale. Piga hesabu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye ua wa mita za mraba 100 inaleta lita 5,000, yaani matangi matano ya lita elfu moja. Hapo hujahesabu paa. Paa la ukubwa huo likimwagia maji yake uani, mzigo unakuwa lita 10,000. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka kati ya Machi na Mei, kwa hiyo siku moja ya milimita 50 si jambo la ajabu. Ile kasi ya kupitisha maji iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji imepimwa kwenye nyasi zenyewe. Ua wako haujapimwa.

Kazi ya kweli iko chini, mahali ambapo mgeni hatapaona. Udongo wa juu unaondolewa. Kinatandikwa kitambaa cha kuchujia, ili udongo usipande na kujaza nafasi. Juu yake zinamwagwa kokoto safi zilizochekechwa, zisizo na vumbi. Kati ya kokoto na kokoto kuna nafasi inayofikia kama asilimia 35 hadi 40 ya ujazo wote, kwa hiyo kokoto za kina cha sentimita 15 kwenye ua uleule zinaweza kushikilia lita 5,000 na ushee wakati maji yanasubiri kutoka. Ndani ya kokoto hizo linalazwa bomba la PVC lililotobolewa, likiteremka sentimita moja kwa kila mita. Maji ya paa yapewe bomba lake peke yake. Mwisho zinawekwa kokoto ndogo, zinashindiliwa, ndipo nyasi zinatandikwa. Fundi akimwaga vumbi la mawe kwa wingi pale juu ili kupata uso laini, ameziba kwa mkono wake mwenyewe njia aliyoilipia mteja.

"Tumwage zege kwanza, zitakaa sawa." Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linasikika la kitaalamu na mteja anaona amepewa kazi imara. Zege lina mahali pake: kwenye baraza, au juu ya ghorofa, ukiliwekea mteremko na tundu la kutolea maji, ni sahihi kabisa. Lakini ua wa Basihaya, mahali ambapo maji hukosa pa kwenda hadi wiki kadhaa baada ya mvua, ukiumwagia zege umeiziba ardhi iliyokuwa bado inanywa kidogo. Maji yananasa kati ya zege na mgongo wa nyasi. Gundi inaachia kwenye maungio, nyasi zinavimba, na ukikanyaga maji yanachuruzika pembeni. Inua kona baada ya siku chache uone: tope jembamba la kahawia limekamata kila kitundu, na harufu ni ya mtaro. Hapo hakuna kinachorekebishika kwa kufagia. Ni kung'oa na kuvunja zege.

"Huku kwetu ni mchanga, hakuna haja ya kokoto." Ukanda wa pwani una mchanga mwingi, ni kweli, na mahali pa juu mchanga huo unanywa vizuri. Mahali pa chini, maji ya ardhini hupanda wakati wa masika hadi karibu na uso. Chimba shimo la nusu mita mwezi Aprili, si Agosti. Mwaga ndoo ya maji, angalia yanavyoshuka ndani ya saa moja. Ukikuta shimo limejaa kabla hujamwaga ndoo, basi lile shimo la mawe la kunyonya maji ambalo fundi anataka kukuchimbia halitafaa kitu, maana litakuwa limeshajaa kutoka chini. Pa namna hiyo panahitaji bomba linalofika kwenye mtaro ulio chini kuliko ua. Kama mtaro huo haupo, kazi isianze.

"Jaza kifusi, inua ua, maji hayatakufikia." Hayatakufikia wewe. Yatavuka fensi kwenda kwa mwenzako, naye mwaka unaofuata atajaza kifusi kirefu zaidi. Mitaa mingi ya jiji hili imeinuliwa nyumba moja baada ya nyingine namna hiyo, hadi aliyejenga mapema na asiye na fedha za kifusi amebaki shimoni. Maji yanayosukumwa hivyo huishia mabondeni: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Maji yanayojaa bonde la Jangwani hayazaliwi Jangwani. Mto Msimbazi unaopita hapo unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, ukipokea njiani maji ya kila ua uliofungwa. Na kama kiwanja chako kiko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakuhusu kabla hujafika kwa muuza nyasi.

"Hazina matunzo." Zinayo, hasa kwetu. Nyumba nyingi za pembezoni zinatumia mashimo ya vyoo, na mafuriko yakija yanabeba yaliyomo. Nyasi zilizofunikwa na maji hayo zioshwe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu kabla mtoto hajarudi kuchezea hapo, na mfuniko wa chemba usifichwe chini yake. Jua la saa saba mchana linaweza kuzipasha kupita nyuzijoto 60. Chengachenga za mpira wa matairi zinazojazwa kati ya nyasi huchukuliwa na maji hadi mtaroni, kisha baharini. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kusitisha uuzaji wake kwa viwanja vya michezo ifikapo 2031. Nyumbani tumia mchanga uliooshwa.

Wapo pia wanaosema nyasi bandia ndizo zinazoleta mafuriko. Sikubaliani nao. Zikiwa juu ya kokoto zilizowekwa vizuri, zinachelewesha maji kuliko ua uliofungwa kwa zege tupu. Ila kwa asiye na pa kuyatolea maji, ukoka wa kawaida na mfereji uliosafishwa vitamsaidia zaidi, kwa fedha kidogo.

Ukiamua kununua, usikubali bei ya mita ya mraba peke yake. Mkataba utaje kina cha kokoto, kitambaa, mteremko, na mahali hasa bomba linapoishia. Piga picha kabla hapajafunikwa. Malipo ya mwisho yasubiri mvua kubwa ya kwanza.