Wanayosema juu ya Waswahili wa Bujumbura

Katika nchi iliyozika watu wengi kiasi hiki kwa sababu ya Uhutu na Ututsi, ubaguzi wa aina nyingine huonekana jambo dogo. Ndiyo maana dharau dhidi ya Waswahili wa Bujumbura, watu wa mtaa wa Buyenzi hasa, imepita miaka mingi bila kujibiwa. Husikika sokoni, ndani ya basi, maofisini, hata kwenye vikao vya kupanga harusi, tena vinywani mwa watu ambao wangeona haya kumtukana jirani kwa kabila lake. Madai yenyewe yanajulikana. Nayajibu.

La kwanza husema Mswahili si Mrundi, ni mabaki ya wafanyabiashara wa watumwa kutoka Ujiji. Lina chembe ya historia ndani yake. Katika karne ya 19 watu wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji, walishambulia ufuo wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, na majeshi ya mfalme, Mwami Mwezi Gisabo, yakawazuia kupenya milimani. Warundi wana haki ya kuikumbuka vita hiyo. Lakini mji huu haukujengwa na Rumaliza. Wajerumani ndio walioweka kambi yao ya kijeshi Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa, mwaka 1897, na pamoja nao walikuja askari, wapagazi, mafundi, wachuuzi na wavuvi, wengine kutoka Manyema, wengine Tabora, wengine Ujiji. Hao walikuwa watu wa kazi, na wengi wao walikuwa maskini.

Tena si hao peke yao. Vijana wa Kirundi walioshuka kutoka milimani kutafuta riziki walipanga vyumba Buyenzi, baadhi wakasilimu, wakaoa humo humo, wakazoea Kiswahili. Wajukuu wao leo wanaitwa Waswahili, ilhali babu zao ni Wahutu na Watutsi kama babu za wanaowaita hivyo. Mtu hawezi kuwa mgeni kwa sababu babu yake alibadili dini na kuhamia mjini. Na yule ambaye babu yake alitoka Manyema, familia yake ina vizazi vitatu au vinne katika ardhi hii, na makaburi yake yako hapa. Nani katika Bujumbura asiye na mzee aliyefika kutoka kwingine?

La pili ndilo linaloumiza zaidi: kwamba Waswahili ni wezi, wadanganyifu, watu wa maneno mengi wasiopenda jembe. Ili kulielewa, lazima turudi kwa Wabelgiji, walioichukua nchi mwaka 1916. Waliupanga mji kwa rangi: Wazungu mahali pao, Wahindi na Waarabu katika mtaa wa Waasia, Waafrika kwenye mitaa yao. Buyenzi ikawa ya Waislamu na watu wa biashara. Bwiza, jirani yake, iliitwa Belge na ikapokea wengi waliotoka Kongo. Utawala ule ulitaka Mrundi abaki mlimani, alime kahawa, alipe kodi, amtii chifu na padre. Mtu aliyeishi mjini kwa kununua na kuuza, aliyeswali badala ya kwenda misa, aliyepata habari za Tanganyika na Kongo bila kumpitia mzungu, alikuwa hatari kwao. Kwa hiyo alizuiwa kufanya makazi vijijini, na mkulima akafundishwa kumwogopa. Wakoloni wameondoka, fundisho lao limebaki vinywani mwetu.

Wezi wapo Buyenzi, kama walivyopo Rohero na Ngagara. Lakini mwizi wa Rohero hushtakiwa kwa jina lake, na wa Buyenzi hushtakiwa kwa jina la mtaa mzima. Kuhusu uvivu, mwenye shaka na apite barabara za Buyenzi zenye namba, mchana, jua linapowaka. Atakuta mafundi wa magari wamelala chini ya lori, wachomeleaji, washona nguo, wauza vipuri, na wanawake wanaotandaza ndagala sokoni Ruvumera. Sehemu kubwa ya magari ya nchi hii hutengenezwa kwa mikono hiyo. Jembe si kazi pekee duniani.

Dai la tatu linahusu lugha: Kiswahili ni lugha ya wahuni, mtoto akikizoea ataharibika. Hili nalo ni la zamani. Wajerumani walipotaka Kiswahili kiwe lugha ya utawala, Mapadre Weupe walikipinga kwa kuwa walikiona mlango wa Uislamu. Burundi imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 1 Julai 2007, na Kiswahili kinafundishwa shuleni. Hata hivyo sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilipotaja lugha rasmi, ilitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Lugha inayosikika Buyenzi, Bwiza na bandarini haikuwamo, na Kiingereza, ambacho wengi wetu tulikuwa bado tunakitafuta, kikawamo.

La nne ni kwamba Waswahili hawakuitendea nchi hii lolote. Hapa napata tabu kubaki mtulivu. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi ili wenyeji washindane na maduka ya Wazungu na Waasia, aliwategemea kina nani? Wachuuzi Waswahili wa Usumbura. Ndio waliojua biashara, ndio waliokuwa na nyumba za kukutania, na ndio waliokuwa na njia ya kufika kwa Nyerere na TANU. UPRONA, chama cha Rwagasore, ilipata nguvu yake ya mjini katika mitaa hiyo, wakati Wabelgiji wakifanya kila hila kumzuia mwana wa Mwami. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake kilishinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba aliuawa. Kila mwaka tunaweka mashada ya maua kwenye kaburi lake; wanaotajwa kwenye hotuba kama wenzake ni wachache, na watu wa Buyenzi hawamo.

Halafu ikaja 1993. Rais Ndadaye alipouawa na mji ukaanza kukatwa vipande, Kamenge na Kinama upande wa Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga upande wa Watutsi, Buyenzi ilibaki mahali ambapo Mhutu na Mtutsi waliweza kulala chini ya paa moja. Waislamu wengi walikataa kuingia katika mauaji, na watu waliokuwa wakisakwa walifichwa humo. Machi 1995 Bwiza na Buyenzi zilishambuliwa, na maelfu ya wakazi wakakimbia, wengi kuelekea Zaire. Mtaa uliolipa gharama hiyo hauwezi kuambiwa haukutoa kitu.

Linabaki dai la wapole: kwamba haya yote ni utani tu, na kwamba ubaguzi wa kweli Burundi ni ule uliojadiliwa Arusha. Makubaliano ya huko ya Agosti 2000 yalifungua njia ya mgawanyo wa 60 kwa 40 kati ya Wahutu na Watutsi bungeni na viti vitatu vya Watwa, na yalisaidia kusimamisha vita. Lakini mtu wa Buyenzi huulizwa yeye ni nani kati ya hao, na jibu lake hupokewa kwa mashaka. Utani huo humfuata hadi kwenye dawati la kitambulisho. Takriban watu elfu moja wenye asili ya Oman, waliozaliwa na kukulia hapa wakizungumza Kirundi na Kiswahili, waligundulika kuwa hawana uraia wa nchi yoyote. Na sheria ya uraia ya 18 Julai 2000 bado humpa mtoto uraia kupitia baba: mama Mrundi wa Buyenzi aliyeolewa na Mkongomani hampi mwanawe uraia wake moja kwa moja, hata kama mtoto hajawahi kuvuka Mto Rusizi. Katiba inakataza ubaguzi kwa asili, lugha na jinsia. Sheria hiyo inagusa asili na jinsia kwa pamoja, na bunge lina uwezo wa kuibadili katika kikao kimoja.