Mzigo Mmoja, Reli Mbili

Juma hili nimepokea barua kutoka Mikumi. Aliyeiandika ni fundi magari, baba wa watoto wanne, naye ameomba jina lake lisitajwe. Nimekubali ombi lake, kwa kuwa jambo lililompata laweza kumpata yeyote kati yetu ambaye ana simu mkononi na ndugu aliye ng'ambo.

Mdogo wake afanyaye kazi Muscat alimtumia ada ya binti yake anayesomea uuguzi. Hakuzituma fedha kwa njia ya benki, bali kwa sarafu ya kidijiti iitwayo USDT, ambayo kila moja hukusudiwa kuwa na thamani ya dola moja ya Marekani. Zilikuwa 400, yaani karibu shilingi milioni moja. Ziliingia salama katika pochi ya kidijiti iliyo ndani ya simu yake. Kilichobaki kilikuwa kuzihamishia kwenye soko la sarafu, aziuze, kisha apate shilingi za kulipia chuo.

Fundi alifungua ukurasa wa soko, akatafuta mahali pa kupokelea USDT. Aliulizwa achague mtandao. Anasema, "Niliona majina mengi nisiyoyajua, nikabonyeza lile la juu kabisa." Lilikuwa Ethereum. Alipewa anwani, akainakili. Alirudi kwenye pochi yake, ambako USDT zake zilikuwa katika mtandao mwingine uitwao BNB Smart Chain, akaibandika anwani ile na kutuma. Pochi haikulalamika. Baada ya dakika chache iliandika kuwa muamala umekamilika. Kule sokoni haikuonekana hata senti moja.

Kwa siku kumi na tisa hakumwambia mkewe. Kila jioni alikuwa akitazama simu, na binti alipopiga kuuliza habari za ada alijibiwa kwamba "mambo yako njiani". Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua. Siri ilifichuka siku mke alipomkuta anawaandikia watu asiowajua, ambao walimwahidi kuzirudisha fedha zake iwapo angewapa yale maneno 12 ya siri ya pochi yake. Mke alimpokonya simu. Asubuhi yake walipanda gari hadi Kilosa, kwa baba mkwe, mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli.

Mzee yule hajui lolote juu ya sarafu za kidijiti, lakini ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wote. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, huko ulikopeleka mzigo, uliwauliza wanapokea kwa reli ipi?"

Wakazi wa Kilosa watalielewa swali hilo mara moja. Reli ya kati ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Hapo Kilosa lilichepuka tawi lililopita Mikumi hadi Kidatu. Kidatu ndiko inakopita reli ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, hazifiki hata upana wa kiganja. Hata hivyo, behewa la reli moja haliwezi kuendelea juu ya reli nyingine. Hapana budi mzigo ushushwe na kupakiwa upya. Na tangu mwaka 2024 treni za reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, zinasimama Kilosa hiyo hiyo. Gunia la mahindi ni lile lile popote litakapopakiwa. Njia ndiyo tofauti.

USDT nayo ni kama gunia lile. Jina ni moja na thamani ni moja, lakini husafiri katika mitandao mingi: Ethereum, Tron, BNB Smart Chain, Solana na mingineyo. Kila mtandao ni blokucheni yake, yaani daftari la hesabu linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Madaftari hayo hayasomani. Kilichoandikwa katika la Tron hakionekani katika la Ethereum.

Lakini yapo mahali mfano wa reli unapokomea, na hapo ndipo ilipo hatari. Behewa likifika mwisho wa reli yake litasimama, na kila mtu ataliona. Anwani za Ethereum na za BNB Smart Chain zina sura moja: zote huanza na 0x na zina herufi na tarakimu 42. Kwa hiyo pochi ya fundi wetu haikuwa na sababu ya kuikataa anwani ile. Mzigo ulikwenda na ukafika, lakini ulishushwa katika stesheni ambayo soko lile halikuwa limeweka karani wa kuupokea. USDT 400 ziko pale, mtu yeyote aweza kuziona katika daftari la wazi la mtandao huo. Kuzitoa ni jambo lingine, kwani ufunguo wa anwani ile unashikwa na soko peke yake.

Laiti angalikuwa amezituma kwenye pochi yake mwenyewe, ambayo ufunguo wake anao, angaliweza kuifungulia mtandao ule na kuzipata. Kwa soko, hana la kufanya ila kuandika kwa wahudumu wake na kuwapa namba ya muamala. Yapo masoko yanayozirudisha fedha za namna hiyo, mengine kwa kutoza ada, na mengine hukataa kabisa. Si kama kutuma pesa kwa simu, ambako ukikosea namba waweza kupiga simu kwa kampuni na kuomba muamala uzuiwe. Katika mitandao hii hakuna wa kuuvuta muamala urudi.

Ni nini basi apaswacho kufanya mwenye kutaka kuhamisha sarafu hizi? Kwanza, aanzie kule mzigo unakokwenda. Afungue ukurasa wa kupokelea sokoni, achague sarafu, kisha asome ni mitandao ipi inayokubaliwa kwa sarafu hiyo. Pili, atazame pochi yake, sarafu zake ziko katika mtandao upi. Mtandao sahihi ni ule unaokubaliwa pande zote mbili. Ukiwa nafuu kwa ada lakini upande wa pili hauupokei, unafuu huo ni hasara. Majina yasimbabaishe: ERC20 ni Ethereum, TRC20 ni Tron, BEP20 ni BNB Smart Chain. Anwani ya Tron huanza na herufi T, na hiyo humsaidia mtu kugundua kosa mapema. Ikiwa hakuna mtandao wa pamoja, asitume, bali atafute soko jingine linaloupokea mtandao alio nao.

Tatu, ahakikishe anayo nauli. Kila mtandao hutoza ada kwa sarafu yake: etha kwa Ethereum, BNB kwa BNB Smart Chain, TRX kwa Tron. Wengi hukwama wakiwa na USDT tele, lakini hawana hata TRX moja ya kuzisafirishia. Nne, sarafu nyingine, kama XRP, hudai namba ya ziada pamoja na anwani ya soko. Pasipo namba hiyo soko halitajua mzigo ni wa nani. Tano, anwani inakiliwe, isiandikwe kwa mkono, kisha ilinganishwe mwanzo, katikati na mwisho. Sita, na hili ndilo lingaliokoa ada ya binti: atume kwanza kiasi kidogo, kisichopungua kile cha chini ambacho soko hupokea, asubiri kionekane, ndipo atume kilichobaki. Ada italipwa mara mbili, naam, lakini hiyo ni bei ndogo ya usingizi mwema.

Yafaa pia kukumbuka sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini, ikawaonya wananchi juu ya matumizi yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 nayo iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti. Mwenye kuingia njia hii na aingie akijua kwamba akipotelewa, mahali pa kushtakia ni pachache.

Na wale waahidio kuokoa fedha zilizopotea? Maneno 12 ya siri ndiyo ufunguo wenyewe. Mwenye kuyaomba anaomba pochi yote. Hakuna mhudumu wa kweli ayahitajiye.

Fundi wetu ameliandikia soko, na wamemjibu kwamba wataangalia, pasipo ahadi. Ada ya muhula huu imelipwa nusu, kwa fedha ambazo mkewe alikuwa ameziweka kwenye chama cha akina mama cha kuweka na kukopa. Katika barua yake anasema kilichomuuma kuliko zote 400 ni maneno ya mkewe walipokuwa wakirudi Mikumi: "Baba watoto, ungeniambia siku ile ile, mwanetu asingesubiri siku kumi na tisa."

Nami naongeza hili tu. Fedha ya nyumba ni ya nyumba. Kabla ya kubonyeza kitufe kisichorudi nyuma, mwite mwenzio asome pamoja nawe jina la mtandao upande huu na upande ule. Macho manne huona zaidi ya mawili, na kuuliza si ujinga.

Tuonane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.