SAYANSI NYUMBANI: Waya Ukikatika, Kengele Ilie

Leo tutaipa roboti vidole, na vidole hivyo tutavitoa jikoni.

Hapa Membley, msichana wa jirani yangu aliye gredi ya nane alikuwa na kigari cha magurudumu mawili kinachoendeshwa na kompyuta ndogo. Kigari hicho kilikaa kabatini likizo nzima. Alisema hawezi kuendelea mpaka anunuliwe kihisi, na baba yake alikuwa amesema pesa hizo ni za karo. Nikamwuliza: roboti yako inataka kujua nini? Akajibu: kama imegonga ukuta. Basi, nikamwambia, vipande viwili vya alumini vinatosha.

Kata vipande viwili vya kadibodi, kila kimoja ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Gundisha juu ya kila kimoja karatasi ya alumini ya kufungia chakula, na ubane waya mmoja kwenye kila alumini. Kisha kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, ukitoboe tundu katikati, na ukiweke baina ya kadibodi hizo, alumini zikitazamana. Ukibonyeza, alumini hugusana kupitia lile tundu. Ukiachilia, sponji huzitenganisha. Hiyo ni swichi, na swichi ni kihisi.

Msidhani huo ni mchezo wa watoto tu. Mjini Bristol, Uingereza, mwaka wa 1948 na 1949, mwanasayansi William Grey Walter alitengeneza roboti mbili, Elmer na Elsie, ambazo watu waliziita kobe. Gamba la kila kobe lilining'inizwa ili liweze kucheza. Lilipogonga kitu, lilifunga swichi, na kobe akatafuta njia nyingine.

Sasa tuunganishe. Kwenye bodi kama Arduino, waya mmoja huenda kwenye pini ya kusomea, na wa pili kwenye pini iliyoandikwa GND. Katika programu, ipe pini ya kusomea agizo la INPUT_PULLUP. Bila hilo pini huelea na kutoa majibu ya ovyo. Hapa wanafunzi wengi hukwama: alumini zikiwa mbali kompyuta husoma 1, zikigusana husoma 0. Ni kinyume cha unavyotarajia, lakini sivyo kosa.

Jambo la pili: vyuma vikigusana hurukaruka kidogo kabla ya kutulia. Sisi hatuoni, ila kompyuta ina kasi kuliko macho yetu, na mbonyezo mmoja inaweza kuuhesabu mara nyingi. Iambie programu ingoje sehemu 50 za elfu za sekunde, kisha isome tena. Majibu yote mawili yakilingana, ndipo iamini.

Kigari kilipoanza kukwepa kuta, msichana yule akapata wazo la maana zaidi. Kwao maji ya mfereji huja usiku, na mama yake hukesha akichunga pipa lililo kando ya mlango wa nyuma. Je, kompyuta haiwezi kuchunga badala ya mama?

Tukachukua ubao mwembamba kama rula, tukautegemeza katikati kwa msumari ili ucheze kama pembea. Upande wa pipa tukafunga uzi wenye chupa ndogo ya plastiki, imefungwa vizuri na ina mchanga kidogo ndani. Upande wa pili tukafunga nati, nyepesi kuliko chupa, na kuzungushia alumini. Maji yakipanda, hubeba chupa. Nati hushuka na kugusa alumini iliyo chini yake. Programu ikisoma 0, kengele hulia. Tulijaribu kwa beseni, ikafanya kazi barabara.

Usiku wa Jumamosi maji yalikuja, na mama akalala. Kengele haikulia. Asubuhi ua mzima ulikuwa umelowa, na Jumatatu mfereji ulikuwa mkavu. Kumbe waya mmoja ulikuwa umechomoka. Kompyuta ilisoma 1 usiku kucha, na kwetu 1 ilikuwa na maana ya "bado halijajaa".

Msichana alitaka kuvunja kila kitu. Badala yake tulihamisha alumini ya chini tukaiweka juu ya nati. Sasa pipa likiwa halijajaa, uzito wa chupa huinua nati na alumini hugusana: kompyuta husoma 0. Pipa likijaa, nati hushuka, mguso huachana, kompyuta husoma 1, kengele hulia. Waya ukichomoka je? Pia husoma 1, pia kengele hulia. Mama ataamka bure usiku mmoja, lakini hatadanganywa.

Hilo ndilo somo la leo, na halihitaji pesa. Kabla ya kuunganisha kihisi chochote, jiulize: kikiharibika, kitaniambia nini? Mlinzi anayenyamaza akiwa mgonjwa ni hatari kuliko kukosa mlinzi, kwa maana utalala ukimtegemea.

Wazazi, angalieni haya. Tumieni betri tu. Kazi hii isikaribie kabisa umeme wa ukutani. Bodi na nyaya zikae mahali pakavu, mbali na maji. Chupa ioshwe vizuri kwa kuwa itagusa maji ya matumizi. Na mtoto asipande kwenye tangi la paani. Pipa la chini linatosha kujifunzia.

Wiki hii tengenezeni kigusio cha sponji. Kikifanya kazi, chomoeni waya mmoja kwa makusudi, mwone kompyuta inasema nini. Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.