Kikohozi cha kijana siyo TB tu

Wadau, tumezoea kusema saratani ya mapafu ni ya wazee wavuta sigara. Wengi ndivyo walivyo, ila siyo wote. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya wazungu na Walatino wa miaka 30 hadi 49, wanawake wameanza kuugua kuliko wanaume, na sigara peke yake haielezi kwa nini.

Kwa kijana tatizo ni kuchelewa. Akikohoa miezi, huku kwetu tunawaza TB. Makohozi yanapimwa, TB haionekani, bado anapewa dozi ya TB. Anakuja kugundulika saratani imeshasambaa.

Inauma, maana saratani ya vijana ndiyo hukutwa zaidi na hitilafu za jeni zenye vidonge vyake, kama ile ya ALK. Matokeo ya 2024 ya dawa ya lorlatinib: baada ya miaka 5, asilimia 60 ya wagonjwa wa ALK walikuwa hai na ugonjwa haujasonga mbele, ingawa ulishasambaa walipoanza. Lakini bei yake siyo mchezo, na bila kipimo cha jeni huvipati.

Basi dozi ikiisha na kikohozi kipo, rudi kwa daktari, umuulize CT scan na kukatwa kinyama kipimwe. Ujana siyo kinga, jamani. Au mnasemaje?