Lavrov amepita, bei imebaki

Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi, Sergei Lavrov, alipokewa Entebbe Julai 2022 na Rais Yoweri Museveni, kisha akaendelea na safari yake kwenda Ethiopia. Kabla hajatua, makala yake ilikwisha kuchapishwa katika New Vision, akikana kwamba nchi yake inaipelekea Afrika njaa. Nchi za Magharibi zinasema kinyume, tena kwa sauti kubwa vilevile. Katika kelele hizo, mwenye duka la jumla mjini Jinja hakupata habari aliyoihitaji: sabuni na mafuta ya kupikia vingeuzwa bei gani mwezi uliofuata?

Rais Museveni alisema Uganda haiwezi kuwageuka Warusi, waliosimama na Waafrika kwa zaidi ya miaka 100. Historia hiyo si ya kubuni. Anayetoka Jinja kwenda Malaba hupita Busitema, ambako chuo cha zana za kilimo kilianzishwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960. Ila kumbukumbu za matrekta hazimpunguzii mkulima wa Mbale bei ya mbolea ya mwaka 2022.

Kabla ya Februari 24, Urusi na Ukraine ziliuza zaidi ya robo ya ngano yote inayovuka mipaka duniani, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea. Vita vilipoanza, ngano, mbolea na mafuta ya magari vilipanda pamoja. Mafuta ya kupikia yalipata mapigo mawili: alizeti ya Ukraine ilikwama bandarini, kisha Indonesia ikazuia mauzo ya mawese kwa wiki kadhaa, Aprili hadi Mei.

Pigo lilikuwa moja kwa Afrika Mashariki yote, lakini kila serikali imejibu peke yake. Umoja wa Mataifa ulipopiga kura Machi 2, Kenya, Rwanda na Kongo zililaani uvamizi. Uganda, Tanzania, Burundi na Sudan Kusini zikajizuia. Hiyo ni haki ya kila nchi. Tatizo ni kwamba utengano huo umeingia sokoni.

Julai 2022, Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza ruzuku ya kushusha bei ya pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili kutoka shilingi 205 hadi 100, huku uchaguzi wa Agosti 9 ukiwa mlangoni. Wiki hiyohiyo Rais Museveni aliwaambia Waganda kwamba ruzuku haitakuwepo. Hoja yake ina uzito: mafuta yaliyoshushwa bei na serikali moja huishia kwenye matangi ya jirani. Ushahidi ulikuwa Busia. Julai 2022 petroli ilikuwa shilingi 159 jijini Nairobi, takribani 5,100 za Uganda, na upande wa Uganda lita ilikuwa imepita 6,000. Kwa pengo hilo, nani angeshangaa madumu yakipita njia za panya? Lakini ushauri aliotoa Mei Mosi, kwamba asiye na mkate ale muhogo, haumsaidii mwenye lori. Muhogo hautiwi kwenye tangi.

Aliyeumia zaidi ni mfanyabiashara mdogo aliyenunua mahindi Mbale kwa bei ya juu, akapanga kuyavusha Malaba au Lwakhakha. Hakuna aliyemwambia kama ruzuku ya Kenya ingegusa mahindi yake, wala wasagaji wa Kenya wangelipwa lini na serikali yao ili nao waweze kumlipa. Wakuu wa nchi walikutana Arusha mwezi huohuo, wakajadili Soko la Pamoja. Soko la pamoja ambalo bei yake inabadilishwa usiku mmoja bila kumwarifu jirani bado halijawa soko.

Mawaziri wa biashara wa nchi zote wanachama wanaweza kuanza na jambo dogo. Nchi inayotaka kuweka au kuondoa ruzuku ya chakula au mafuta iwape wenzake taarifa mapema, na taarifa hiyo ibandikwe Busia, Malaba na Lwakhakha kabla haijaanza kutumika. Iandikwe kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, kwa hiyo kisingizio cha lugha hakipo tena.